Wazee Wetu Hawahitaji Sabuni na Sukari Tu



Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilimpa mama mmoja wa jumuiya yetu ushauri mbaya. Niliutoa kwa kujiamini, na yeye aliupokea kwa heshima kwa sababu umetoka kwa frateri. Nimeona niueleze hapa, maana nadhani kosa langu si langu peke yangu. Wengi wetu, waseminari na waamini, tunalifanya bila kujua.

Nyumbani kwetu ni Nanganga, pale ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na barabara kuu ya Lindi na Masasi. Mama huyo alinikuta baada ya sala ya jumuiya. Mwanawe ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Baba yake anafanya kazi Dar es Salaam. "Frateri, nisaidie," alisema. "Mtoto wangu kila jioni yuko kwa yule mzee jirani. Wenzake wako uwanjani au kwenye kibanda wanaangalia mpira. Yeye na babu, babu na yeye. Wanaongea nini siku zote hizo?"

Mzee mwenyewe namfahamu tangu utoto. Amepita miaka 80. Amezika wake wawili na watoto watatu, na yeye bado yupo. Ndugu msomaji, kama umekulia kwetu, unajua mtu wa namna hiyo husemwa vipi pembeni. Husemwa kwamba anakula miaka ya wenzake. Kwamba kijana anayezoeana naye anafundishwa mambo. Mama yule hakuyatamka maneno hayo mbele yangu, lakini nilijua kuwa ameyasikia.

Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa maadili seminarini, na kichwa changu kilikuwa kimejaa. Nikamwambia kwamba urafiki wa kweli huwa kati ya watu walio sawa, na kwamba hata Waswahili husema ndege wafananao huruka pamoja. Nikamshauri amtafutie kijana marafiki wa rika lake, aanze kumpeleka VIWAWA. Mama akashukuru. Kesho yake kijana akakatazwa kwenda kwa mzee.

Bao lililofunikwa khanga

Siku kumi na kitu zikapita, ikafika Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Siku hii ilianzishwa na Papa Fransisko mwaka 2021, na huadhimishwa Jumapili ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26 Julai. Jumuiya yetu ilijiandaa vizuri. Tulichanga sabuni, sukari, chumvi na viberiti, tukagawana nyumba za wazee. Mimi na akina mama wawili wa WAWATA tulipangiwa nyumba ya yule babu.

Alitupokea barazani. Tukamwamkia, tukaimba, tukasali, tukamkabidhi mfuko. Mwenzetu mmoja akapiga picha ya makabidhiano. Mzee akashukuru sana, akatubariki. Kisha akanitazama mimi na kuuliza, "Frateri, sukari nimeipokea. Lakini yule kijana mmemficha wapi?"

Nikababaika. Akanyosha mkono kwenye pembe ya baraza. Palikuwa na bao, limefunikwa khanga kuukuu ili kuku wasivuruge kete. Akaifunua. Mchezo ulikuwa umeshavuka namua, uko kwenye mtaji, kete zote 64 ziko ubaoni. "Alitakiwa acheze yeye," akasema. "Kete ziko vilevile tangu siku ile."

Kwa kutaka kurekebisha mambo nikasema, "Basi babu, nimalizie mimi." Akacheka kidogo, akarudisha khanga. "Hapana. Hesabu hizi ni za kwake."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Tulikuwa tumempelekea mzee sabuni na sukari, vitu ambavyo hakuviomba, wiki mbili baada ya mimi kumwondolea kitu alichokuwa nacho. Na kama asingeuliza, ningeandika kwenye taarifa ya jumuiya kwamba tumewatembelea wazee na wamefurahi.

Kula chumvi pamoja

Nilianza kwa kurudi kwenye daftari langu, na hapo nikagundua kwamba hata Aristotle nilikuwa nimemsoma nusu. Ni kweli anasema urafiki ulio bora ni wa watu wema wanaofanana katika wema wao. Ni kweli pia kwamba anaona wazee hutafuta marafiki kwa ajili ya faida na vijana kwa ajili ya raha. Lakini katika kitabu kile kile cha maadili anazungumzia urafiki wa wasio sawa, akiutaja wazi ule wa mkubwa na mdogo kwa umri. Haukatai. Anasema tu kwamba kila upande hutoa na kupokea kitu tofauti. Anaongeza jambo ambalo sisi Waswahili tungelielewa haraka kuliko Wagiriki wa leo: watu hawawezi kufahamiana kabla hawajala chumvi pamoja.

Kwetu, mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwa Aristotle, waliokula chumvi pamoja ni marafiki. Nikajiuliza, je, kijana wa miaka 16 anawezaje kula chumvi ya kutosha na mtu wa miaka 80? Jibu ni kwamba anaweza tu kwa kwenda kila jioni. Ndicho alichokuwa anafanya, na ndicho nilichokikatiza.

Nilipozungumza na kijana mwenyewe, niliona kwamba hata ule mgawanyo wa faida na raha ulikuwa umepinduka. Mzee ndiye aliyekuwa akitafuta mchezo. Kijana ndiye aliyekuwa akipata faida, tena ya maana. Mwezi Juni mtu mmoja alimtaka auze korosho za mikorosho aliyopewa na mama yake kabla hazijakomaa, kwa kangomba, alipwe fedha taslimu anunue simu. Alimweleza mzee. Mzee hakumhubiria. Alimsimulia jinsi yeye mwenyewe, akiwa kijana, alivyoweka mikorosho yake rehani kwa ajili ya sherehe, na jinsi alivyopalilia na kuokota msimu mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Kisha akarudi kwenye bao. Kijana akaamua mwenyewe kusubiri mnada wa chama cha msingi.

Nikamuuliza, "Wewe unapenda nini kwa babu?" Nilitegemea aseme hekima au historia. Historia ipo, maana mzee ndiye aliyemwambia kwamba huku kusini kulikuwa na treni kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, na ikafungwa mwaka 1962. Kijana hakuwahi kuisikia. Lakini jibu lake lilikuwa jingine. Alisema, "Babu hanioneagi huruma. Akinifunga ananifunga. Na nikisema kitu ananibishia, halafu ananiuliza kwa nini nafikiri hivyo."

Baba yake akipiga simu huuliza matokeo ya mtihani. Mwalimu huuliza daftari. Sisi wa kanisani huuliza kama amekuja kwenye mazoezi ya kwaya. Mtu aliyekuwa akimuuliza kwa nini anafikiri hivyo alikuwa mmoja tu, na anakaa nyumba ya tatu.

Naye kijana ana anachotoa. Humsomea mzee ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliyebaki. Kila Jumamosi humsomea masomo ya Jumapili, kwa sababu macho ya mzee yana ukungu. Alimsindikiza Ndanda hospitalini kuangaliwa macho hayo. Msimu wa salfa ulipofika alimbebea mashine ya kupulizia mikorosho. Haya yote yalianza baada ya bao, na hakuna aliyempangia zamu.

Tuliyokuwa nayo tangu zamani

Wengine watasema urafiki wa namna hii ni jambo geni. Mimi nasema ni wa kwetu kabisa. Fikirini utani wa babu na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu anaruhusiwa kumjibu kwa namna ambayo asingethubutu kwa mama yake. Mbele ya baba kijana hunyamaza. Mbele ya babu huropoka. Wazee wetu walielewa kwamba mtoto anahitaji mtu mzima mmoja ambaye si mkaguzi wake. Walielewa pia kwamba mzee anahitaji mtu mmoja asiyemwogopa. Wakaziweka haja hizo mbili pamoja, wakaziita utani, na hawakuona sababu ya kuundia kamati.

Sasa wajukuu wengi wako mbali na babu zao wa damu. Wazazi wako mjini, watoto wako bweni, wazee wamebaki na mikorosho. Kwa hiyo nafasi ile ya babu na mjukuu ikijazwa na jirani, hatupaswi kushangaa. Tunapaswa kushukuru.

Maandiko yanatuonyesha jambo hilohilo. Fikirini Samweli na Eli. Tunapenda kumhubiri Samweli kama mfano wa kijana anayeitikia wito, nasi waseminari tunaipenda sura ile kwa sababu hiyo. Lakini soma tena. Macho ya Eli yamefifia. Kijana anaisikia sauti lakini haijui ni ya nani. Mzee haisikii sauti, lakini ndiye anayetambua ni ya nani. Kila mmoja peke yake angekosa ujumbe ule. Tena ujumbe wenyewe ulikuwa mchungu kwa Eli, na Eli akamtaka kijana amweleze wote bila kumficha. Huyo ni mzee anayekubali kuambiwa ukweli na mtoto. Bila Eli, wito wa Samweli ungeishia kuwa usingizi uliokatika mara tatu.

Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma kila muhula, anafundisha kwamba upendo wa Kimungu ni urafiki wa mtu na Mungu. Nilipofika hapo nikaufunga mdomo wangu wa falsafa. Kama urafiki unawezekana tu kwa walio sawa, basi mimi sina njia ya kuwa rafiki wa Mungu. Umbali kati ya 16 na 80 ni mdogo sana ukilinganisha na ule ambao Kristo aliuvuka alipowaambia mitume kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki.

Hofu zilizo halali na zisizo halali

Sitaki kumlaumu yule mama. Mzazi anayeuliza mtoto wake yuko na nani anatimiza wajibu wake. Kanisa limejifunza kwa machungu kwamba si kila mtu mzima anayejifanya rafiki wa mtoto ni rafiki. Kwa hiyo kuuliza ni lazima. Maswali ya kuuliza yanajulikana: wanakaa wapi, nani anawaona, je, kuna siri, kuna zawadi zinazofichwa? Hapa majibu yalikuwa wazi. Walikaa barazani, kando ya njia ambayo kila mtu anapita kwenda kisimani. Mama angeweza kwenda kukaa nao wakati wowote. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia: mama, nenda ukakae nao jioni moja, usikie. Mimi nilimpa methali.

Hofu ya pili, ile ya uchawi, si ya kuheshimiwa. Tuseme wazi, kwa sababu viongozi wa jumuiya huwa tunaipita kimyakimya. Nchini mwetu wazee, hasa akina mama, wamepigwa na hata kuuawa kwa tuhuma hizo, hasa mikoa ya kanda ya ziwa. Huku kwetu mara nyingi hatuui. Tunawaacha tu peke yao, kisha Julai tunawapelekea sukari. Mkristo anayeamini kwamba maisha marefu ni zawadi ya Mungu hawezi wakati huohuo kumshuku jirani yake kwa kosa la kuishi muda mrefu.

Upande mwingine, nisiwapambe wazee. Wako wazee wagumu. Wako ambao neno lao kwa kijana ni moja tu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wanalitumia kufunga kila mazungumzo. Kijana akikimbia baraza la namna hiyo simlaumu. Urafiki ninaouzungumzia unamdai mzee pia: akubali kubishiwa, aulize kabla ya kufundisha, na asimulie alikoanguka, si alikoshinda tu. Babu yetu wa Nanganga angeweza kumhubiria kijana kuhusu kangomba. Alichagua kumweleza ujinga wake mwenyewe.

Mzee darasani

Mnamkumbuka Kimani Maruge wa Kenya? Baada ya serikali ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu aliyesema ana miaka 84 alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Alivaa kaptula na soksi ndefu, akakaa dawati moja na watoto wa miaka sita. Moja ya sababu zake ilikuwa kutaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alialikwa New York kuzungumza juu ya elimu kwenye Umoja wa Mataifa. Mwaka 2009, miezi michache kabla ya kufa, alibatizwa katika Kanisa Katoliki Kariobangi, Nairobi, akachukua jina la Stephen.

Dunia ilimsifu kama mzee aliyesoma. Mimi siku hizi nawafikiria zaidi wale watoto. Walisoma na mtu aliyepigana Mau Mau, wakimwona akikosea hesabu kama wao na kufuta kama wao. Hawakumbebea mfuko wa zawadi. Walimpa nafasi kwenye dawati.

Sisemi misaada haina maana. Zanzibar tangu mwaka 2016 imekuwa ikitoa pensheni kwa wazee wote waliofikisha miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani aliajiriwa na nani hakuajiriwa. Ni jambo la haki, na wazee wa bara tunawatakia hivyo hivyo. Tunatakiwa kuendelea kuchanga sukari pia, maana njaa ni njaa. Ninachosema ni kwamba sukari humfanya mzee kuwa mpokeaji, na mtu hawezi kuishi kwa kupokea tu. Anahitaji mtu wa kumfunga bao, na wa kumfunga yeye siku moja moja.

Tufanye nini

Kwanza, sisi mafrateri. Tukienda likizo tunapangiwa kutembelea wazee na wagonjwa, nasi tunahesabu nyumba. Napendekeza tuchague nyumba moja na turudi hapo kila wiki, mikono mitupu, tukiwa na swali. Nyumba moja yenye chumvi ya kutosha itatufundisha uchungaji kuliko nyumba ishirini za dakika kumi.

Pili, jumuiya ndogo ndogo. Mnapoandaa siku ya wazee, msiwaweke mbele kwenye viti kama maonyesho. Waketisheni na vijana, kijana mmoja na mzee mmoja, mbele ya watu wote, na wapeni kazi ya pamoja: kubangua korosho, kusoma somo, kucheza bao. Wazazi wawepo. Waliopendana watarudiana wenyewe, na ambao hawakupendana msiwalazimishe.

Tatu, wazazi. Ukimwona mtoto wako barazani kwa jirani mzee, usianze kwa kumkataza. Chukua kigoda, nenda ukakae.

Yule mama alikwenda. Nilimfuata Jumatatu baada ya ile Jumapili, nikamwambia nilikosea, tukaenda pamoja, na kijana nyuma yetu. Mzee hakuuliza walikuwa wapi. Aliitikia shikamoo, akafunua khanga, akasema, "Cheza, zamu yako." Kijana alitazama ubao kwa muda mrefu, akaanza kusambaza kete. Alifungwa. Mama yake, ambaye kumbe bao analijua, akamwonyesha alipokosea.